Mume wangu amechimba chini miaka mingi na sasa anakohoa. Hii radoni ni kitu gani?

MamaKulwa

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita tulipomzika rafiki wa mume wangu kule Sengerema.

Mimi nauza dagaa, mzigo nachukua Mwaloni Kirumba, na tunakaa Mabatini hapa Mwanza, juu kwenye mawe. Mume wangu ana miaka 47. Alianza kuzama kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita mwaka 1999, akiwa kijana hata hatujaoana. Mwaka 2006 akapata ajira kwenye mgodi mkubwa, chini kabisa, shifti za usiku na mchana, hadi walipopunguzwa 2017. Baada ya hapo akarudi kwenye maduara. Mpaka leo anavuka anakwenda huko, anakaa wiki tatu, anarudi wiki moja. Siku hizi daraja la Busisi limerahisisha safari, zamani tulikuwa tunapigia hesabu kivuko.

Huyu rafiki yake tuliyemzika walikuwa shifti moja miaka yote ya mgodini. Mlokole, hakuwahi kushika sigara wala pombe. Alianza na kikohozi, kwenye zahanati moja wakampa dozi ya TB, akamaliza, akakohoa tena, akapewa dozi ya pili. Makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea. Alipokuja kupigwa CT na kuchukuliwa kinyama, ikaonekana ni saratani ya mapafu na imeshasambaa. Aliishi miezi minne.

Msibani kijana mmoja aliyekuwa naye mgodini akasema, "Huyu kauawa na radoni." Nikamuuliza ndiyo nini hiyo, akasema ni gesi inatoka kwenye mwamba, walifundishwa siku moja kwenye semina ya usalama. Mume wangu anasema hata yeye alikuwepo kwenye hiyo semina lakini hakumbuki, alikuwa ametoka shifti ya usiku, alisinzia.

Sasa mume wangu anakohoa wiki ya tano. Anavuta sigara, kama nane kwa siku, akiwa duarani zaidi. Nikimfulia ile ovaroli maji yanatoka ya kijivu mara tatu, mara nne, na mchanga mwembamba unabaki chini ya beseni unang'aa kama unga wa kioo. Huwa naukamata kwa vidole najiuliza, kama hiki kimebaki kwenye nguo, kifuani kimebaki kiasi gani?

Maswali yangu ni haya. Hiyo radoni ipo kweli kwenye dhahabu au ni ya migodi ya urani tu? Kama alishaivuta miaka yote hiyo, kuna namna ya kuipima mwilini? Na je, nimkataze kurudi? Watoto wanne wanasoma, na nikimkataza lazima niwe na neno la kumwambia. Na mwisho, sisi tunaoishi juu ya haya mawe ya Mwanza, na sisi tumo?

Natanguliza shukrani.

Fundi Hewa

Marahaba mama Kulwa, na pole sana kwa msiba. Umeuliza kitu ambacho nimekaa nacho miaka 19. Kazi yangu chini ya ardhi ilikuwa hewa: kufunga feni, kuziba mifuko inayopeleka hewa chini ikichanika, kupita na kipimo cha upepo kila mtaa wa mgodi. Sasa nimepumzika, niko Igombe na ng'ombe wangu. Nitakujibu kwa urefu, vumilia.

Radoni ni gesi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inazaliwa na radiamu, na radiamu inatokana na urani. Sasa watu wakisikia urani wanafikiria mgodi wa urani. Urani imo kidogo kidogo karibu kwenye kila mwamba, na graniti, yaani itale, huwa nayo zaidi ya miamba mingi. Kwa hiyo ukitoboa mwamba kufuata dhahabu, almasi, bati au chuma, gesi inatoka tu. Haiulizi unachimba nini.

Ushahidi wa zamani kabisa hata haukutoka kwenye urani. Kule Schneeberg, Ujerumani, watu walichimba fedha, baadaye kobalti, na kwa mamia ya miaka wachimbaji wakafa kwa ugonjwa wa kifua ambao wenyewe waliuita ugonjwa wa mlimani. Mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, wakaonyesha kwamba ni saratani ya mapafu, na kwamba karibu robo tatu ya vifo vya wachimbaji wa pale vilitokana nayo. Radoni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa, imekuja kujulikana mwaka 1900. Baadaye ikaonekana kwa wachimba chuma wa Sweden na wachimba bati wa Yunnan, China.

Na kuna mgodi mmoja nataka mume wako ausikie, uko St. Lawrence, Newfoundland, Kanada. Walichimba fluoraiti, aina ya madini. Mwamba wenyewe haukuwa na urani ya kutajika. Wachimbaji wakafa kwa saratani ya mapafu, wake zao wakabaki wajane mji mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walipopima wakakuta radoni imejaa, na imeletwa na maji. Maji yalikuwa yanapita kwenye miamba ya mbali yanabeba gesi, yakifika kwenye uwazi wa mgodi yanaiachia. Mwambie afikirie maduara yenye maji ya kuchuruzika ukutani.

Sasa jinsi inavyoua. Gesi yenyewe ukiivuta nyingi unaitoa. Shida ni watoto wake. Radoni inaoza, nusu yake inakwisha kwa siku 3.8, na ikioza inazaa chembe ngumu za poloniamu, risasi na bismuthi. Hizo zinanata kwenye vumbi na kwenye moshi, unazivuta, zinakaa kwenye utando wa njia za hewa. Zinapooza zinatoa mionzi ya alfa. Alfa ni dhaifu, karatasi inaizuia, ngozi yako inaizuia. Ndani ya pafu hakuna ngozi. Inapiga chembe hai moja kwa moja kutoka pale ilipokaa. Inapiga leo, kesho, miaka 15, na saratani inakuja kujitokeza miaka kumi, ishirini au zaidi baadaye. Ndiyo maana mtu anaacha mgodi mzima kabisa.

Hili si la kubishaniwa tena. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka radoni kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1988, na walitegemea zaidi hao hao wachimbaji.

Sasa nikuambie kitu kilichoniuma miaka yote ya kazi yangu. Dawa yake inajulikana na ni upepo. Gesi inatoka kwenye mwamba kidogo kidogo muda wote, Jumapili na sikukuu. Hewa ikitembea, inachukuliwa na kutupwa nje, inapotea angani. Hewa ikisimama, inajaa, na wale watoto wake wanafikia wingi wao ndani ya saa chache tu. Huko Marekani, kwenye uwanda wa Colorado, wakati wa kukimbilia urani, wachimbaji, wengi wakiwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, walifanya kazi kwenye mashimo yasiyo na feni. Serikali ilianza kuwachunguza mwaka 1950, ikawahesabu wanavyougua, na hawakuambiwa hatari yenyewe. Sheria ya kuwafidia ikaja mwaka 1990. Miaka arobaini, mama Kulwa, kwa kitu ambacho feni ingekipunguza.

Kwa hiyo mume wako akirudi usimuulize kama kulikuwa na harufu. Muulize: feni ilikuwepo? Inazimwa saa ngapi?

Mwenye Duara Rwamagasa

Mzee wangu Fundi Hewa shikamoo. Naheshimu uliyoandika. Mimi nina duara, nina vijana kumi na wawili. Feni ninayo, iko mdomoni mwa shimo, mfuko wa nailoni unashuka chini. Lakini jenereta inakula mafuta. Kwa kweli kabisa, usiku vijana wakipumzika tunazima, tunawasha wakati wa kuingia. Na tukishalipua tunawasha mpaka moshi uishe. Wakati mwingine petroli inaisha saa tisa usiku wakiwa bado chini, na wao wenyewe wanasema hewa bado nyepesi, tumalizie viroba hivi. Nimekuwa nikidhani hewa ikiwa nyepesi hakuna tatizo. Hili la gesi isiyosikika ndiyo nalisikia leo. Nifanyeje, niwashe usiku kucha? Kifusi chenyewe kwa sasa hakirudishi hata hela ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

Fundi Hewa

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kusema ukweli wako.

Hewa nzito unayoisikia ni upungufu wa oksijeni, na hewa chafu ya pumzi zenu na ya baruti. Hiyo inaua leo leo, na ni kweli lazima muiogope. Radoni haisikiki hata ikiwa nyingi mara elfu. Kwa hiyo "hewa bado nyepesi" ni kipimo cha kitu kingine kabisa.

Kama huwezi kuwasha usiku kucha, washa kabla ya mtu kushuka, na umpe upepo muda. Twende na hesabu. Shimo lako tuseme mita moja na nusu kwa moja na nusu, kina mita 60. Hiyo ni mita za ujazo 135. Ongeza matawi ya pembeni, weka jumla 300. Feni ikisukuma nusu mita ya ujazo kwa sekunde, inabadilisha hewa yote mara moja kwa dakika kumi. Mara moja haitoshi kwa sababu hewa mpya inachanganyika na ya zamani, ipe mara tatu au nne. Ni nusu saa hadi dakika arobaini kabla ya kijana wa kwanza kushika kamba. Hapo nimehesabu kwa mfuko mzima. Mfuko wenye matundu unapuliza ukuta wa juu, chini hakufiki kitu. Nimeona mfuko umeraruka mita kumi tu kutoka mdomoni na feni inanguruma vizuri kabisa, kila mtu ana amani. Shuka nao wewe mwenyewe, weka kiganja kwenye mdomo wa chini. Usiposikia upepo kwenye kiganja, huna feni.

Mafuta yakiisha wakiwa chini, watoke. Hapo hakuna majadiliano.

Na matawi yaliyokwisha mawe, msiyaache wazi. Yanakuwa visima vya gesi, na hewa inayotoka huko inapita usoni kwa wanaofanya kazi mbele. Ziba kwa matimba, turubai na udongo, kaza kadiri unavyoweza. Hewa safi imfikie kwanza mtu aliye kwenye mwamba, halafu ndiyo itoke.

Kitambaa puani hakisaidii, naona vijana wengi wanajifunga fulana. Barakoa nzuri ya vumbi inakamata sehemu ya wale watoto wa radoni walionata kwenye vumbi, gesi yenyewe inapita. Na nyunyizieni maji mnapotoboa. Hiyo ni kwa ajili ya vumbi, ambalo mama Kulwa amelieleza vizuri kuliko mimi, ule mchanga unaong'aa kwenye beseni. Hiyo ni silika. Nayo imo kwenye kundi lile lile la kwanza, tangu 1997. Moshi wa dizeli nao, tangu 2012. Mtu wa mgodini anavivuta vyote vitatu kwa pumzi moja.

Nesi wa Kifua

Mama Kulwa, pole dada yangu. Nafanya kazi kliniki ya kifua kikuu, sitasema wapi.

Wiki tano za kikohozi usingoje tena. Kwetu mtu akikohoa wiki mbili tu anatakiwa kupimwa makohozi, na mchimbaji ndiyo zaidi, kwa sababu vumbi la mawe linalidhoofisha pafu na TB inapata nafasi. Kwa hiyo kesho apeleke makohozi. Inawezekana kabisa ikawa TB, na TB inatibika kwa miezi sita. Nakuomba usimhesabu kwamba tayari ana saratani.

Ninachokuomba zaidi ni hiki: akifika kwa daktari, jambo la kwanza kabla ya kueleza kikohozi aseme "nimefanya kazi chini ya ardhi tangu 1999." Wagonjwa wetu wanasema "mimi mkulima", "mimi mfanyabiashara", kwa sababu wakati huo ndiyo wanachofanya. Daktari hajui, anaona picha ina makovu, anafikiria TB. Makovu ya silika na ya TB kwenye eksirei yanafanana sana. Kama makohozi hayaonyeshi vimelea na bado anakohoa, au akianza kukonda, kutoa damu, sauti kukwaruza, adai kipimo cha CT. Bugando kuna idara ya saratani, hatalazimika kwenda Dar kuanza moja.

Kuhusu kupima radoni mwilini: hakuna kipimo cha damu cha kliniki kitakachokuambia amevuta kiasi gani. Kinachotumika ni historia yake, miaka mingapi, wapi, hewa ilikuwaje. Mkae mwandike. Na kwa miaka ile ya ajira, yupo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliundwa kwa sheria ya 2008, unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi. Wao pia watauliza historia hiyo hiyo, na karatasi za ajira. Msitupe hata hati moja ya mshahara.

Na sigara, dada. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa radoni, mvutaji yuko kwenye hatari karibu mara 25 ya asiyevuta. Radoni na moshi vinasaidiana. Miaka aliyokwisha kuivuta hatuwezi kuirudisha, ila hatari inayotokana nayo hupungua kadiri muda unavyopita tangu alipotoka, na sigara anaweza kuiacha leo. Hiyo ndiyo dawa kubwa iliyo mikononi mwake.

MamaKulwa

Mungu awabariki wote. Nimemsomea mume wangu kila neno, taa ikiwa imezimwa, maana mchana asingekaa. Mzee Fundi Hewa, lile la kiganja kwenye mfuko alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Sisi mfuko wetu unaishia katikati." Ulichanika mwezi wa tatu, mwenye duara alisema atanunua.

Lile swali langu la nyumba mmeliruka.

Fundi Hewa

Kweli, nisamehe. Itale inatoa radoni, na kwenye nchi za baridi ambako watu wanafunga madirisha na kulala kwenye vyumba vya chini ya ardhi ni tatizo kubwa la nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na ikishindikana isipite 300. Nyumba zetu za Mabatini na Igogo upepo wa ziwa unapita madirishani na kwenye mianya ya bati, na huo ndiyo unaokulinda. Kama una chumba kilichochimbwa kwenye jiwe, hakina dirisha, usilaze watoto humo. Madirisha fungua asubuhi. Na ukiona nyufa sakafuni pale saruji ilipokutana na mwamba, zibe. Hilo lisikunyime usingizi kama la duara. Hewa ya shimo lisilo na upepo ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu kumkataza: mimi nisingemwambia aache kazi kwa neno langu. Ningemwambia asishuke kwenye shimo ambalo mfuko unaishia katikati. Mwenye duara akishindwa kununua mfuko, basi hamuwezi kumsubiri yeye. OSHA, yaani wakala wa usalama na afya kazini, na ofisi ya madini wana wajibu wa kukagua, na mionzi inasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu. Vijana wakienda kumi kuomba shimo lao lipimwe, wana haki.

Mwenye Duara Rwamagasa

Leo asubuhi nimeshuka mwenyewe kuweka kiganja. Mita 22 kutoka chini upepo unakwisha, kuna sehemu mfuko umesuguliwa na kamba ya kuvutia viroba mpaka ukatoboka matundu matatu, moja ngumi inaingia. Nimesimamisha kushuka. Kijana amekwenda Geita mjini kutafuta nailoni. Mama Kulwa, kama mumeo anatafuta mahali, anitafute mfuko ukishafungwa.

MamaKulwa

Ahsante kaka yangu, nimemwambia.

Makohozi tumepeleka jana, majibu kesho. Sigara alizokuwa nazo mfukoni amenipa mimi, tano, nimezitumbukiza kwenye maji ya kuoshea dagaa mbele yake.

Na tumeanza kuandika kama alivyosema nesi. Kulwa ndiye anaandika kwenye daftari lake la hesabu, mwandiko wake unasomeka. Kila mwaka ukurasa mmoja: shimo gani, kina gani, maji yalikuwepo, feni ilikuwepo. 1999 hapana. 2000 hapana. 2001 waliweka, ikaibiwa. 2002 alihama, shimo lenye maji, hapana. Mgodini 2006 feni kubwa zilikuwepo, ila kuna mtaa mmoja walifanya kazi miezi saba ambao anasema vumbi lilikuwa linaning'inia mbele ya taa ya kofia halisogei. Kulwa akamuuliza, "Baba, niandike ndiyo au hapana?" Akafikiri. Akamwambia aandike hivyo hivyo, vumbi lilikuwa halisogei.

Tumefika 2009.